Armstrong: Mfua mizinga aliyeangaza jumba la mawe kwa maji ya kijito

KATIKA kaunti ya Northumberland, kaskazini mashariki mwa Uingereza, lipo jumba kubwa la mawe lililong'ang'ania mteremko wa majabali kana kwamba liliota hapo pamoja na miamba.

Jumba hilo huitwa Cragside. Mapaa yake yamepandana kwa viwango tofauti, dohani zake ni ndefu mithili ya minara, na kuta zake ni za mawe ya mchanga yaliyochimbwa papo hapo, katika ardhi ya mwenyewe.

Sheria ya Uingereza imeliorodhesha katika daraja la kwanza la majengo yanayolindwa, daraja linalotengewa majengo machache yenye thamani ya kipekee. Fauka ya hayo, hutajwa kuwa nyumba ya kwanza duniani kuangazwa kwa umeme uliozalishwa kwa nguvu za maji.

Wageni wanaolizuru kila mwaka huvutiwa na ustadi wa fundi na uzuri wa bustani. Hata hivyo, mawe hayapandi ukutani bila fedha, na sehemu kubwa ya fedha za Cragside ilitoka mahali ambapo si kila mgeni angependa kukumbushwa akiwa matembezini: kiwanda cha mizinga.

Mwenye jumba hilo alikuwa William George Armstrong, mtu ambaye maisha yake yalichukua karibu karne nzima ya 19.

WAKILI ASIYEPENDA UWAKILI

Armstrong alizaliwa Novemba 26, 1810 katika mtaa wa Shieldfield, mjini Newcastle upon Tyne. Baba yake, aliyeitwa pia William, alikuwa mfanyabiashara wa nafaka aliyepanda ngazi polepole hadi akawa meya wa mji huo mwaka wa 1850.

Mtoto huyo alikuwa na afya dhaifu. Ili apate hewa safi, wazazi wake walimpeleka mara kwa mara katika kijiji cha Rothbury, kando ya Mto Coquet, ambako alijifunza kuvua samaki. Mapenzi yake kwa bonde hilo hayakumtoka hadi kufa kwake.

Tangu utotoni alikuwa na shauku ya mitambo. Alipokuwa akisoma katika mji wa Bishop Auckland, alizoea kuzuru karakana ya mhandisi mmoja, William Ramshaw. Huko ndiko alikofahamiana na binti wa mhandisi huyo, Margaret, ambaye alimwoa mwaka wa 1835.

Baba yake, hata hivyo, alikuwa amekwisha kumchagulia kazi. Alimtia mikononi mwa rafiki yake wa chanda na pete, wakili Armorer Donkin, ili aisomee sheria. Kijana hakubisha. Alisoma Newcastle na London, akarejea nyumbani mwaka wa 1833, na miaka miwili baadaye akawa mshirika katika kampuni hiyo ya mawakili.

Kwa zaidi ya mwongo mmoja alishughulikia mikataba na mirathi mchana, na kuchezea vyuma na mifereji jioni.

Katika miaka hiyo ya 1830, akivua samaki katika bonde la Dentdale, aliona gurudumu la maji lililokuwa likiendesha mashine za machimbo ya marumaru. Alipolitazama kwa makini, alitambua kuwa sehemu ndogo tu ya nguvu za maji yale ndiyo iliyofanya kazi. Iliyobaki ilimwagika bure na kwenda zake.

Wazo kwamba nguvu nyingi za maumbile hupotea machoni pa watu lilimkaa moyoni, na ndilo lililomwongoza katika uvumbuzi wake mwingi.

Mwaka wa 1845 Armstrong alishiriki katika mpango wa kuleta maji Newcastle kwa mabomba kutoka mabwawa ya mbali. Kwa kuwa mji ulikuwa mteremkoni, maji yalifika sehemu za chini yakiwa na msukumo mkubwa kuliko ulivyohitajika. Akapendekeza msukumo huo wa ziada uendeshe kreni ya kupakulia mizigo bandarini.

Kreni ilijengwa, ikafanya kazi kwa kasi na kwa gharama ndogo kuliko zile za kawaida, na nyingine zikaagizwa.

Mwaka wa 1847, akiwa na umri wa miaka 36, aliacha uwakili. Kwa msaada wa marafiki, Donkin akiwa miongoni mwao, alinunua ardhi Elswick, kando ya Mto Tyne, akaanzisha kiwanda. Maagizo yalimiminika kutoka bandari ya Liverpool na kampuni za reli.

Palipokosekana mabwawa ya kuleta msukumo wa maji, alibuni njia nyingine. Kasha zito lililojazwa changarawe liliinuliwa kwa maji yaliyopigwa pampu. Uzito wake uliposhuka, uliyasukuma maji kwenye mabomba kwa nguvu nyingi. Kwa njia hiyo bandari yoyote iliweza kutumia kreni zake, hata kwenye nchi tambarare.

Mitambo ya namna hiyo ndiyo iliyokuja kuzungusha Daraja la Swing la Newcastle, lililofunguliwa mwaka wa 1876, na kuinua Daraja la Tower la London, lililofunguliwa mwaka wa 1894.

VITA VYAMTAJIRISHA

Lau angeishia hapo, historia ingemkumbuka kama mtu wa kreni na madaraja. Vita vya Crimea vilibadilisha mambo.

Mnamo Novemba 1854 wanajeshi wa Uingereza walipigana na Warusi katika mapambano ya Inkerman. Taarifa zilifika nyumbani kuhusu taabu waliyoipata askari hao kukokota mizinga mizito matopeni. Armstrong alizisoma, akaona kuwa mizinga ya jeshi ilikuwa imeachwa nyuma na maendeleo ya uhandisi.

Mwaka uliofuata alikuwa tayari na mzinga wa aina mpya. Ulikuwa mwepesi, mtutu wake ulifuliwa kwa chuma kilichoviringishwa, ndani yake mlikuwa na mifuo ya kulizungusha kombora ili liende mbali bila kuyumba, na ulipakiwa kutokea nyuma badala ya mdomoni.

Mwaka wa 1859 aliikabidhi serikali hataza zake bila malipo. Alituzwa cheo cha Sir na kupewa usimamizi wa mizinga ya jeshi.

Mizinga yake ilitumika nchini China mwaka wa 1860, na Agosti 1863 manowari za Uingereza ziliitumia kuupiga mji wa Kagoshima nchini Japani. Huko baadhi ilipata hitilafu, na wapinzani wake jeshini walipata la kusema. Serikali ilikuwa imekwisha kusitisha maagizo yake Elswick mwaka wa 1862, na mwaka wa 1863 Armstrong akajiuzulu wadhifa wake.

Kiwanda kilichokuwa kimetegemea mteja mmoja sasa kiliwageukia wateja wa nchi za nje. Miongoni mwa walionunua mizinga, na baadaye manowari, kutoka Tyne zilikuwa Italia, Chile, Argentina, China na Japani.

Daraja la Swing lenyewe lina kisa chake. Meli ya kwanza kulipita, mnamo Julai 1876, ilikuwa Europa ya Italia, iliyokuwa ikienda Elswick kuchukua mzinga wenye uzito wa tani 100. Daraja ambalo wenyeji walilifurahia lilikuwa pia mlango wa biashara ya silaha.

JUMBA LAZALIWA JABALINI

Mwaka huohuo wa 1863, akiwa amechoka kwa kazi na lawama, Armstrong alikwenda kupumzika Rothbury. Akanunua kipande cha ardhi katika bonde jembamba ambamo kijito cha Debdon hutiririka kuelekea Coquet. Hapo alijenga nyumba ya wastani ya mawe, ya kukaa wakati wa likizo.

Mwaka wa 1869 alimwita msanifu majengo Richard Norman Shaw, mzaliwa wa Edinburgh aliyekuwa na umri wa miaka 38, ambaye baadaye alisanifu makao makuu ya polisi ya Scotland Yard mjini London. Husimuliwa kuwa wageni wengine walipotoka kwenda kuwinda, Shaw alibaki nyuma na kuchora, kwa alasiri moja tu, sura ya jumba zima kama litakavyokuwa.

Utekelezaji wa mchoro huo ulichukua takriban miaka 15. Nyumba haikubomolewa, iliongezwa kipande baada ya kipande, huku mwenyewe akiendelea kuishi humo na kubadilisha mawazo.

Kiwanja chenyewe kilikuwa mtihani. Hapakuwa na ardhi tambarare, kwa hivyo mwamba ulichongwa ili kupata nafasi, na jumba likarefuka kufuata ukingo wa mteremko. Kutokana na hayo, mtu akilitazama kutoka bondeni huona minara na mapaa yakirundikana kuelekea juu.

Mawe ya mchanga ndiyo yaliyoliunganisha jumba na mahali pake. Hayo ni mawe yaliyotokana na chembe za mchanga zilizoshikamana kwa mamilioni ya miaka, na ndiyo hasa miamba ya vilima vya Rothbury. Ukuta na jabali ni kitu kimoja, ila kimoja kimepitiwa na patasi.

Juu ya kuta hizo, hata hivyo, Shaw alipachika vipembe vya paa vyenye fremu za mbao zinazoonekana kwa nje, mtindo wa vijiji vya kusini mwa Uingereza ambao haukuwa wa kaskazini. Alitaka nyumba mpya ionekane kama iliyorithiwa kwa vizazi vingi. Wakosoaji wameliona hilo kuwa kama vazi la kuazima. Wengi wengine wamelipenda jumba kwa sababu hiyohiyo.

Ndani, chumba cha kulia kina meko makubwa yaliyowekwa katika shubaka la mawe, kiasi cha watu kuketi humo kando ya moto. Sebule kuu, iliyokamilishwa mwaka wa 1884, ina meko ya marumaru ya Italia yanayokadiriwa kuwa na uzito wa tani 10, yaliyobuniwa na William Lethaby, msaidizi wa Shaw.

MAJI YAGEUKA NURU

Yale aliyoyawaza Dentdale, Armstrong aliyatimiza hapa. Alizuia vijito na kuunda maziwa matano, kisha akayafanya maji yake yatumike nyumbani. Yaliendesha lifti, yalizungusha nyama iliyochomwa jikoni, na yalipunguza kazi ya watumishi waliokuwa wakibeba makaa ngazi hadi ngazi.

Mwaka wa 1878 aliweka dainamo iliyoendeshwa kwa maji na kuwasha taa moja kali katika ukumbi wa picha. Mwanga wake uliumiza macho, na haukufaa kwa makazi.

Suluhisho lilitoka jirani. Rafiki yake, Joseph Swan wa Gateshead, alikuwa amebuni taa ya balbu. Mwaka wa 1880 balbu hizo zilifungwa Cragside, zikipata umeme kutoka kwa mtambo uliokuwa zaidi ya kilomita moja kutoka jumbani. Katika maktaba, baadhi ziliwekwa juu ya vyungu vya urembo vilivyokaa kwenye vibakuli vya zebaki. Chungu kilipoinuliwa, mkondo wa umeme ulikatika na taa ikazimika.

Armstrong alikuwa na hoja kubwa kuliko anasa za nyumbani. Mwaka wa 1863, akihutubia chama cha wanasayansi wa Uingereza mjini Newcastle, alionya kuwa makaa ya mawe yalikuwa yakitumiwa kwa ubadhirifu na kwamba akiba ya nchi ingekwisha katika karne chache. Tukumbuke kuwa aliyasema hayo katika mji ulioishi kwa makaa.

Alipata pia kueleza kuwa joto la jua linaloangukia ekari moja katika nchi za tropiki, lau lingetumiwa lote, lingetoa nguvu sawa na za farasi 4,000 wakifanya kazi kwa karibu muda wa saa tisa kila siku.

Msomaji wa Kenya hawezi kuyapita maneno hayo bila kutua. Mabwawa ya Mto Tana yamekuwa yakitupatia umeme tangu kituo cha Kindaruma kilipofunguliwa mwaka wa 1968, na kituo cha umeme wa jua cha Garissa, chenye uwezo wa megawati 50, kilizinduliwa mwaka wa 2019. Mzee huyo wa Newcastle alikuwa akiizungumzia ardhi kama yetu.

WAFANYAKAZI NA WAGENI

Sura nyingine ya maisha yake ilionekana mwaka wa 1871. Wafanyakazi wa viwanda vya uhandisi vya Tyne waligoma wakitaka siku ya kazi iwe ya saa tisa, yaani saa 54 kwa wiki. Armstrong aliongoza waajiri waliowapinga, na wafanyakazi kutoka nchi za nje wakaletwa kushika nafasi za waliogoma.

Mgomo huo ulidumu takriban miezi mitano. Wafanyakazi, chini ya John Burnett, hawakuvunjika moyo, na mnamo Oktoba walishinda. Ni vigumu kutokumbuka kuwa katika mwaka huohuo mafundi wa Shaw walikuwa wakiendelea kuinua kuta za Cragside.

Baadaye jumba lenyewe liliingia katika shughuli za biashara. Mfalme wa Uajemi alifika mwaka wa 1889, na Mfalme Chulalongkorn wa Siam, nchi inayoitwa Thailand siku hizi, alifika mwaka wa 1897. Mgeni aliyelala chini ya taa za umeme na kula nyama iliyozungushwa kwa maji alikuwa ameonyeshwa bila maneno kile ambacho wahandisi wa mwenyeji wake wangeweza kumfanyia.

Agosti 1884 Mwanamfalme wa Wales, aliyekuja kuwa Mfalme Edward VII, alikaa Cragside pamoja na mkewe. Katika safari hiyo alifungua rasmi bustani ya Jesmond Dene, ambayo Armstrong alikuwa ameutunukia mji wa Newcastle mwaka uliotangulia.

Armstrong na Margaret hawakujaaliwa mtoto. Walitoa kwa wingi kwa hospitali, makumbusho na elimu. Chuo cha sayansi alichokisaidia kuanzisha mwaka wa 1871 ni mojawapo ya mizizi ya Chuo Kikuu cha Newcastle cha leo. Mlimani kwao, wawili hao walisimamia upandaji wa miti na vichaka vinavyosemekana kupita milioni saba, hata kipara cha mawe kikageuka msitu.

Mwaka wa 1887 alipewa cheo cha Baroni Armstrong wa Cragside na kuingia katika Bunge la Malodi. Margaret alifariki mwaka wa 1893. Mwenyewe aliaga dunia jumbani humo Desemba 27, 1900, akiwa na umri wa miaka 90, akazikwa Rothbury.

URITHI WENYE PANDE MBILI

Kuhusu silaha, Armstrong hakuona haya. Alishikilia kuwa kazi ya mhandisi ni kuzitiisha nguvu za maumbile, na kwamba dhima ya namna zinavyotumiwa ni ya wale wanaozitumia. Aliamini pia kuwa kazi yake haingechochea vita.

Miaka iliyofuata haikumpa haki. Mwaka wa 1905, katika mlango wa bahari wa Tsushima, Japani iliangamiza meli za Urusi ikitumia, miongoni mwa nyingine, manowari zilizoundwa Elswick. Mwaka wa 1914 dunia iliingia katika vita ambamo mizinga iliua watu kwa kiwango kisichowahi kushuhudiwa, na kiwanda chake kilikuwa miongoni mwa wafuaji wakubwa wa mizinga hiyo.

Bila shaka vita hivyo havikuanzishwa na mtu mmoja wa Newcastle. Hata hivyo, hoja kwamba mfua panga hahusiki na jeraha imeendelea kutolewa na wauzaji silaha hadi leo, na waathiriwa wa vita, wakiwamo wa bara letu, wanajua bei yake.

Utajiri nao haukudumu sana. Mrithi wake, mjukuu wa dada yake, alipata hasara na kulazimika kuuza picha nyingi za thamani mwaka wa 1910. Kampuni yenyewe iliungana na mshindani wake, Vickers, mwaka wa 1927. Mwaka wa 1977 Cragside ilikabidhiwa shirika la uhifadhi la National Trust, na miaka miwili baadaye milango ikafunguliwa kwa umma.

Mwaka wa 2014 shirika hilo liliweka kando ya ziwa mojawapo parafujo kubwa ya chuma yenye urefu wa mita 17, inayozungushwa na maji na kuzalisha umeme. Maji ya kijito kilekile yakarudi kuwasha taa katika jumba lilelile.

Jengo linapoorodheshwa na kulindwa kisheria, watu hudhani kinachohifadhiwa ni mawe, mbao na vioo. Cragside inaonyesha kuwa huhifadhiwa pia hesabu ya mwenyewe, ya mapato na ya matumizi. Humo mna akili iliyoona nguvu palipoonekana maji tu, mna jasho la wafanyakazi walioomba saa chache za kupumzika, na mna fedha za mizinga.

Anayelizuru jumba hilo ana haki ya kustaajabia taa zake. Ana wajibu pia wa kuuliza zilinunuliwa kwa nini.